Walipitisha sheria yangu kwa makofi, kisha wakapanda lori

Habari za mihangaiko wakuu. Hii si chai, yamenikuta mwenyewe, na leo nimeshindwa kukaa nayo kimya.

Mimi ni mwanasheria, Tabora mjini. Kazi yangu ni kanuni za usafiri: nani abebe abiria, njia ipi, kwa masharti gani. Msidhani ni tai na kiyoyozi tu, muda mwingi nakula vumbi.

Halmashauri ya Igunga iliipa ofisi yetu kazi, nami nikapewa kuandika rasimu ya sheria ndogo ya kuzuia malori kubeba watu siku za mnada.

Wa huku mnajua. Fuso limejaa mbuzi na magunia ya mpunga, halafu juu kabisa wamekaa akina mama. Likipinduka ni msiba wa kijiji kizima. Niliiamini ile sheria kwa moyo wote.

Tukaenda Ziba, kule Igunga, kukusanya maoni. Nikasoma kifungu kwa kifungu. Nikauliza nani anapinga, kimya. Nani anaunga mkono? Mikono yote juu, na makofi.

Shangazi yangu alikuwepo. Anakaa kijiji cha ndani zaidi, anauza kuku mnadani. Naye kapiga makofi. Nikajiona kidume.

Mkutano umeisha tu, fuso likasogea, na watu wale wale wakaanza kupanda. Shangazi kakanyaga tairi, huyo juu.

Nikamfuata, nikamuuliza si mmekubali sasa hivi? Akanijibu bila hata kuona aibu:

"Mwanangu, umetoka mbali na umeongea vizuri. Tukukatalie mbele za watu? Ila basi huku hakuna, na nyumbani lazima nifike."

Ndivyo tulivyolelewa wakuu, mgeni humpingi hadharani. Mimi mtoto wa kule kule nilisahau, maana siku hizi naenda na gari la ofisi.

Njia nzima ya kurudi sikutulia. Bosi alitaka ripoti iseme wananchi wameridhia, rasimu iende kwa madiwani, na mimi nilishaahidiwa cheo ikipita.

Nikaandika ukweli. Kwamba wamepiga makofi lakini hawana usafiri mwingine, kwa hiyo marufuku isubiri mpaka apatikane mtu wa kupeleka basi njia ile.

Bosi alimaindi vibaya mno. Cheo kikaota mbawa. Madiwani wao wakakubali kusubiri.

Mtasema nimeshinda. Wapi! Wenye mabasi wanaikimbia ile barabara, mpaka leo hajajitokeza hata mmoja. Na kila siku ya mnada sikaliki. Nasimama, nakaa, natoka nje, narudi. Nikizuia, watu wanatembea kwa miguu na mizigo kichwani. Nisipozuia, wanapanda lile fuso, na likianguka mkono wangu umo.

Nilichojifunza: ukienda kuchukua maoni, usiondoke mkutano ukiisha. Kaa uone watu wanarudije makwao.

Mngekuwa nyie mngefanyaje? Mwenye basi aliyemo humu aje inbox, karatasi zote nitamsaidia.

Nawaomba mniambie ukweli, hata wa kuuma. Leo ni mnada, giza limeshaingia, na simu ya shangazi inaita tu haipokelewi. Nawasoma huku naendelea kupiga.