Ndiva Haionjwi

Miaka ile ya soko huria kila kitu chetu kilikuwa mtumba, kuanzia suruali hadi kompyuta. Chuo chetu pale Same kilipewa kompyuta tisa zilizochoka na laini moja ya simu ya kuingilia mtandaoni. Saba zilikuwa za wanafunzi, moja ya mkuu wa chuo. Ya tisa mimi, mwalimu wa kompyuta, niliifanya ghala: ivute masasisho ya programu mara moja, iyahifadhi, kisha zile nane zichote kwake badala ya kugombania laini.

Siku ya kwanza wote waliwasha kwa pamoja, ghala likiwa halijajaa hata robo. Kila mashine ikapata tone. Mkuu akasema ghala langu ndilo linalochelewesha, na kama mashine za wanafunzi hazitakuwa tayari kwa mtihani wa Jumatatu, ghala litatupwa na mimi nitafungasha virago.

Nilikasirika, hasa kwa kuwa na yeye ni wa milimani. Kwetu Mamba, huko huko milimani, tumemwagilia tangawizi kwa ndiva, bwawa la udongo linalokusanya maji ya kijito chembamba. Huzibwa mpaka lijae, ndipo watu humwagilia kwa zamu. Anayelizibua kabla ya wakati humwagilia wa mwisho, hata awe nani.

Ijumaa nilizima kompyuta zote nane, nikaacha ghala livute peke yake. Jumamosi mchana nilipokuja kulitazama, lilikuwa linajikokota. Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu. Kompyuta yake ilikuwa imewashwa tena, inavuta.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Nilitaka kuonja tu kama inaenda."

"Ndiva haionjwi, mkuu. Unajua."

Nikainama, nikauchomoa waya wa mtandao wa kompyuta yake.

"Mwalimu, unajua uko ofisini kwa nani?"

"Najua. Lakini atakayefukuzwa Jumatatu ni mimi."

Nikatoka na waya mkononi.

Jumatatu ghala lilikuwa limejaa. Mashine za wanafunzi zilichota moja baada ya nyingine, na kabla ya chai ya saa nne zote saba zilikuwa tayari. Mkuu akaja, akasimama mlangoni.

"Zamu yangu lini?"

"Ya mwisho. Mtihani ukiisha."

Sheria ya ndiva aliijua tangu utotoni. Alisubiri mpaka saa nane mchana, waya wake nimeuvaa shingoni.