Mke wa Fundi na Nguo za Mitumba

Pale Mbale, upande wa soko ambako mitumba hutandazwa juu ya maturubai tangu asubuhi, yuko mwanamke mmoja mrefu asiyeita wateja kwa kelele. Wenzake wanapiga makofi na kuimba "chagua, chagua", yeye amesimama kando ya nguo zake zilizotundikwa, anatazama tu. Ukimkaribia atakusalimu, atakuacha upekue utakavyo, na akikuona unababaika atavuta gauni moja kutoka katikati ya rundo akwambie, "Jaribu hili." Mara nyingi ndilo unaloondoka nalo. Jina lake ni Shamirah, na siku alipoingia Mbale alikuwa amevaa gomesi ya mtu mwingine, lile gauni pana la sherehe la wanawake wa Uganda.

Kabla ya hapo aliishi Jinja, mtaa wa Walukuba, katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa viwanda. Mumewe, Faizal, alikuwa fundi cherehani wa kusifika. Alishonea kwenye baraza ya duka mjini, na mabibi harusi walitoka hata Iganga kuja kupimwa naye. Shamirah alipoolewa, rafiki zake walimwonea gere. "Wewe umepata! Mke wa fundi hatajua nguo kuukuu."

Na kweli, mwanzoni alishonewa. Kila Idi gauni jipya, kila harusi ya jirani gauni jipya. Kisha Faizal akaanza kumchagulia la kuvaa hata la kwendea bombani. Kisha rangi zikapungua, zikabaki kijivu na kahawia. Siku moja alimkuta mkewe akicheka na muuza mkaa mlangoni. Kesho yake alilichukua lile gauni akaenda nalo kazini, na liliporudi lilikuwa limepunguzwa makwapani, hata Shamirah asiweze kuinua mikono kufikia kamba ya kuanikia.

"Sasa ndiyo limekukaa," Faizal alisema, akirudi nyuma hatua moja kulitazama.

Kwa macho ya watu lilimkaa kweli. Ndani yake, Shamirah alikuwa akipumua kidogo kidogo kama anayenyata. Baadaye ile rula ndefu ya mbao ya kupimia vitambaa nayo ikapata kazi ya pili. Faizal alipiga mahali ambapo mikono ya gauni ingefunika. Mikono hiyo aliikata mwenyewe, alijua inapoishia.

Yaliendelea hivyo kwa miaka. Mama mdogo wa Shamirah, Khainza, alipougua huko Mbale, Shamirah aliomba ruhusa ya kwenda kumjulia hali, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Asubuhi moja alifunga nguo zake chache katika mfuko, na Faizal akauona nyuma ya mlango. Hakupiga kelele. Alikwenda kuchukua mkasi wake wa kazi, akaketi kitandani, akazitoa zile nguo moja moja na kuzikata vipande vilivyonyooka, bila haraka, kama anayemhudumia mteja. Alipomaliza zile za mfukoni alitoka nje akazikata na zilizokuwa kwenye kamba. Aliyobaki nayo Shamirah ilikuwa shimizi aliyoamkia nayo.

"Haya, nenda," Faizal akasema. Akaenda zake kazini, na mlango akauacha wazi.

Ni ule mlango uliomuumiza Shamirah kuliko mkasi. Aliketi sakafuni akiutazama. Mtu angeweza kutoka, lakini atatokaje na shimizi mchana kweupe?

Jirani yake, Naigaga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, alipita uani akaona vipande vinaning'inia kwenye kamba kama bendera za sherehe. Akasogea, akachungulia mlangoni, akamwona Shamirah. Alirudi kwake mbio, na alipokuja tena alikuwa amekumbatia gomesi yake ya Pasaka, ya zambarau yenye maua ya manjano, mabega yake yamesimama juu kama pembe.

"Simama, mwenzangu."

"Mama, hiyo ni yako ya kanisani."

"Na Mungu ananijua hata nikienda na leso. Simama!"

Gomesi ilikuwa pana kiasi cha kuwaingiza wawili kama Shamirah. Naigaga aliikunja kiunoni, akazungusha mshipi mara mbili, akakaza fundo mbele, kisha akamfunga mtandio kichwani. "Sasa nyoosha mabega. Ukitembea kama mtu aliyeiba, watu watasema umeiba." Akamsindikiza barabarani, akasimamisha boda, akapanda naye mpaka kwenye mabasi, na hakuondoka dirishani mpaka basi liliponguruma.

Abiria wa jirani, mama mmoja mwenye kapu la nanasi, alimtazama kwa furaha. "Umependeza, nnyabo. Unakwenda kwenye kwanjula ya nani?"

Ni nani angevaa hivyo asafiri kama haendi kwanjula, sherehe ya posa kupokewa kwa akina bibi harusi? Shamirah akajibu bila kufikiri, "Ya mdogo wangu."

"Amepata mtu mzuri?"

"Mzuri sana."

Basi akalazimika kumtunga bwana harusi. Walipopita Tirinyi alikuwa ameshampa kazi, mashamba na tabia ya kusaidia kuosha vyombo, na yule mama alikuwa akimshukuru Mungu kwa sauti. Shamirah alijisikia akicheka. Kicheko chenyewe kilimshtua, akatazama nyuma kuona kama kuna aliyekisikia.

Khainza alikuwa ameshapona, ingawa alikuwa amekonda. Alifungua mlango, akaitazama ile gomesi juu mpaka chini, akasema, "Ingia, mwanangu," na kuanzia hapo akamwachia Shamirah aseme mwenyewe atakapotaka. Kwa siku kadhaa Shamirah alikaa ndani amejifunga leso za mama yake mdogo, akipika, akifagia palipokwisha kufagiwa. Mwisho Khainza alisema, "Huwezi kuishi ndani ya leso kama mzazi aliyejifungua jana. Twende kwa Nusifa."

Nusifa alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, muuza mitumba sokoni. Wenyeji huziita mivumba, na Nusifa alijulikana kwa kufungua marobota safi. Alikuwa mtu wa Busia, mpakani, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha watu wanaokitumia kulea watoto. Kule Walukuba, Shamirah alikizoea Kiswahili cha kuamrisha, cha maafande na walinzi wa viwanda. Kinywani mwa Nusifa lugha ileile ilibembeleza.

Siku hiyo robota lilikuwa ndiyo kwanza limekatwa kamba, na nguo zilikuwa zimefura kama mkate.

"Karibu, binti yangu. Unapenda rangi gani?"

Shamirah akazitazama nguo. Alitafuta kichwani mwake rangi anayoipenda akakuta hakuna mtu aliyemuuliza swali hilo kwa muda mrefu hata jibu lenyewe limehama.

Nusifa aliona. "Basi tuanze na usizozipenda."

"Kijivu," Shamirah alisema haraka. "Kahawia. Na kitu chochote kinachobana hapa." Akajigusa makwapani.

"Hayo ni mengi tayari. Tafuta katika zilizobaki."

Alipekua polepole, akijitazama mikono kama ya mtu mwingine. Akatoa gauni la pamba la kijani, refu, lenye mifuko miwili mikubwa. Pindo lake liliwahi kushikizwa na mtu kwa uzi mweupe, mishono mikubwa isiyo na ufundi wowote. Nusifa akamwonyesha pazia pembeni mwa kibanda. Shamirah akaingia, akavaa, kisha akafanya alichokuwa akikiogopa: akainua mikono. Ikapanda. Ikaendelea kupanda, mpaka vidole vikagusa turubai la paa.

Alipokawia Nusifa akauliza kutoka nje, "Umekwama?"

"Hapana, mama. Naangalia tu."

Alibaki hivyo, mikono juu. Gauni lile lilishonwa nchi asiyoijua, kwa ajili ya mtu asiyemjua, na aliyelishona hakuwahi kusikia jina la Shamirah. Hakuna kilichokatwa humo kwa kumkusudia yeye. Raha aliyoipata kwa wazo hilo hakuweza kumweleza hata Khainza.

Msidhani kwamba alitoka pale akiwa mtu mpya. Gauni alilivaa ndani ya nyumba kwanza, kisha hadi bombani, na mtu akikohoa nyuma yake aliruka. Lakini Nusifa alihitaji wa kumpigia pasi na kutundika, na Shamirah alikijua kitambaa. Miaka ya kuishi na fundi ilimfundisha ipi pamba, ipi itakayochuja, ipi itakayofunguka mshono wiki ijayo. Akaanza na pasi, akaishia kuuza.

Siku moja alikuja mwanamke anayeitwa Janepher, anatafuta koti la kwendea kuomba kazi kwenye zahanati. Jua lilikuwa kali, naye alikuwa amevaa mikono mirefu, na kila mara anaivuta ifikie viganja. Shamirah aliijua ile namna ya kuvuta. Hakumuuliza lolote. Alichagua makoti, akayatundika nyuma ya pazia, akasema, "Hakuna anayekuangalia. Kaa humo unavyotaka."

Janepher alikaa humo muda mrefu. Alipotoka amevaa koti la buluu, kidevu kimepanda kidogo. "Naonekana kama mtu wa kuajiriwa?"

"Unaonekana kama mtu wa kuajiri."

Wakacheka, kisha Janepher akalia kidogo, kisha akalipa akaenda. Kazi aliipata. Akaja kuleta habari, na baadaye akamleta mwenzake wa kanisani aliyetoroka kwake na kandambili tu, na huyo naye akamleta mwingine. Nusifa akaamua kila robota likifunguliwa, nguo kadhaa zitengwe nyuma ya pazia, zisiuzwe, za wanawake walioondoka na walichosimama nacho. Alilalamika kila mara kwamba atafilisika, na kila mara alizotenga zilikuwa nzuri kuliko za mbele. Gauni haliponyi mbavu, Shamirah alilijua hilo, na waliohitaji daktari au polisi aliwasindikiza mwenyewe. Lakini aliona jinsi mtu anavyojibu maswali ya polisi akiwa amevaa kitu alichokichagua. Husikika.

Mwisho zamu yake ikafika. Faizal alikuwa akituma watu kusema mkewe arudi, naye Shamirah akapeleka shauri kwa kadhi, Jinja, kuomba ndoa ivunjwe. Kadhi, ambaye wote walimwita Shehe, aliwasikiliza kwanza kila mmoja peke yake, halafu akawaita pamoja. Nusifa alimtolea baibui jeusi la thamani. Shamirah akashukuru, akachagua gauni la rangi ya damu ya mzee, pana, lenye mifuko, linalofika chini, na mtandio wa rangi ya maziwa. Khainza akafuatana naye.

Faizal alikuwa amevaa suti aliyojishonea, haina kasoro. Shamirah alipoketi, alihisi macho yake yakimpima kama kazini: bega, kifua, kiuno. Mwili ukaanza kujikunja wenyewe, kwa mazoea. Akaingiza mikono mifukoni, akasubiri hali hiyo ipite.

"Shehe, mtazame," Faizal alisema kwa upole. "Mke wa fundi, amevaa mivumba. Nguo za watu wasiojulikana. Mimi nilimshonea kwa mikono yangu hii, hakukosa kitu."

Shehe akageuka. "Una la kusema, binti yangu?"

Shamirah alikuwa ameandaa maneno mengi. Yote yaliondoka, likabaki moja.

"Hii inanitosha, Shehe."

Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, akaeleza zile ambazo hazikumtosha, na kwa nini zilikatwa vile, na rula, na asubuhi ya mkasi. Naigaga alikuwa amekuja kushuhudia. Alisimama akasema alichokiona kwenye kamba, na kwamba gomesi yake ameitoa, haidai.

"Ulizikata?" Shehe alimuuliza Faizal.

"Zilikuwa zangu. Kitambaa nilinunua mimi, kazi nilifanya mimi."

"Nimekuuliza kuhusu nguo," Shehe alisema, "nawe umenijibu kuhusu mkeo." Akatamka kwamba ndoa imevunjika.

Nje, Shamirah alingoja kuogopa, kama mtu anavyongoja mvua iliyokwisha kutanda. Hofu haikuja. Alisikia njaa tu, njaa kubwa. Naigaga akawachukua wote Walukuba, kwake, akawapakulia viazi vitamu na samaki wa ziwani, kutoka Wanyange, na Shamirah akala mpaka akaona haya. Nyumba ya Faizal ilikuwa pale pale ng'ambo ya ua. Aliitazama mara moja, akaona imepigwa rangi upya, akaomba aongezewe mchuzi.

Baada ya chakula aliegemea mkekani kupumzisha mgongo kabla ya basi, wenzake wakimenya karanga. Alipofungua macho jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili, na mkeka umemchora shavu zima. Khainza na Naigaga walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini, kama watu waliokaa karibu na mtoto.

"Basi limetuacha?"

"Limekwenda," Khainza alisema. "Lipo la jioni. Na hilo nalo likienda, lipo la kesho."

Shamirah akafikiri kuamka awasaidie kumenya. Kisha akageukia upande wa pili, akavuta mtandio usoni, akaendelea kulala.