Mashimo Yaliyosubiri Mvua

Asubuhi tuliyoondoka, gunia lililokuwa kichwani mwa mama lilitoa harufu chungu ya mshubiri uliokatwa. Hakuniambia tunakwenda wapi, na nadhani hata yeye hakujua. Gari la kwanza lililosimama lilikuwa linaelekea Mugumu, tukapanda. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Njia nzima nililitazama lile gunia, maana mimi ndiye niliyesababisha tuhame, na sikujua kama mama analijua hilo.

Kijiji chetu, huko Tarime, kilipakana na machimbo, na miaka ile ya dhahabu kila mtu alimchunguza mwenzake. Aliyeezeka bati aliulizwa amelitoa wapi. Aliyekaa kimya alidhaniwa anaficha. Kijito chetu kiligeuka tope kwa sababu ya waosha mchanga, maua ya mama yakakauka, naye akaamua kupanda uani mimea ya mlimani isiyoomba maji: mshubiri, minyaa, katani pori. Alikuwa na utaratibu wake. Vipandikizi aliviacha kivulini siku kadhaa hadi majeraha yakauke, visije vikaoza. Mashimo aliyachimba mapema, akayaacha wazi yasubiri mvua ya kwanza. Kisha akabeba mawe meupe kutoka mlimani, akayapanga kandokando ya njia yazuie udongo. Kwa mchimbaji, jiwe jeupe ni jirani wa dhahabu. Na shimo lisilopandwa kitu, pale kwetu, lilikuwa na maana moja tu.

Hata mimi nilianza kumshuku. Mara mbili nilimfuata mlimani kwa kujificha, nikamwona analigeuzageuza jiwe juani, analitupa, anachukua lingine. Kesho yake shuleni nikamnong'oneza rafiki yangu Gati kwamba mama analeta mawe kwa siri, ameyafunika majani. Nilitaka tu kuwa na jambo la kusimulia. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili, tuliporudi kanisani, tulikuta uani watu sita na sururu. Minyaa ilikuwa imeng'olewa, utomvu mweupe unachuruzika. Mzee Marwa, jirani yetu, alikuwa ndani ya shimo hadi kifuani. Mama akasimama ukingoni, Biblia kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Bhoke," akajibu kutoka chini, anajifuta jasho.

"Umepata?"

"Bado. Ungetuonyesha tu, tungemaliza mapema."

Wenzake wakacheka. Hadi jioni hawakupata kitu, na hilo ndilo lililotuponza: badala ya kuona aibu, waliamini mama ameshaihamisha dhahabu. Lisemwalo lipo, walisema. Wiki ile wakarudi, wakachimba hadi chini ya ukuta wa nyumba, ukapasuka. Mama akakusanya vipande vya mimea vilivyokatwa na sururu, akavifunga guniani.

Tulishuka Mugumu, tukatembea tukiuliza chumba hadi upande wa Manchira. Mjane mmoja mwenye nyumba alitazama miguu yetu yenye vumbi, kisha gunia.

"Mmetoka machimboni. Humo mna nini?"

Mama akanigeukia. "Bhoke, mwambie. Wewe ndiye msemaji wetu."

Hapo nikajua kwamba anajua. "Miche," nikasema.

"Fungua tuone."

Nikafungua. Majeraha yalikuwa yamekauka vizuri, tayari kwa kupandwa. Yule mjane akasema hajawahi kuona watu wanaoacha sufuria wakabeba miba. Akatupa chumba cha nyuma, kwa sharti moja: mashimo yachimbwe yeye akiwepo.

Shuleni sikurudi tena. Tangu hapo nimepanga vyumba katika miji mingi, na kila nifikapo huchimba shimo karibu na mlango, nikaliacha wazi lisubiri mvua. Siku hizi majirani hawaji na sururu. Wanasimama mbali, wanatazama, wanaondoka na lao moyoni. Mzee Marwa walau aliitikia salamu ya mama akiwa ndani ya shimo letu. Nikiona mtoto anachungulia, namwita aje ashike mche. Kisha namsindikiza kwa macho, nione kwanza anakwenda kumwambia nani.