Mto Uliogeuzwa Mpaka

Ofisini walimwita Mama Bikari, naye aliitika bila kinyongo. Jina lilitokana na kazi yake. Kwa bikari, kile chombo cha kuchorea duara, ndiye aliyeamua kijiji gani kati ya vijiji vya halmashauri tatu jirani kina huduma na kipi hakina. Kanuni yenyewe haikuwa ngumu. Unaweka ncha penye kituo cha kuuzia mazao, unazungusha kilomita tano. Kijiji kikiangukia ndani ya duara kinapakwa rangi ya kijani, kikibaki nje kinapakwa nyekundu. Na kikao cha mipango kinapokaa, vijiji vyekundu tu ndivyo vinavyoangaliwa.

Kazi hiyo aliianza akiwa binti mwembamba aliyetoka chuoni na vyeti viwili na jozi moja ya viatu. Siku hizo kila halmashauri ilikuwa na ramani yake, na kila ramani iliishia mpakani. Ng'ambo ya mpaka karatasi ilikuwa nyeupe, kana kwamba majirani hawajaumbwa. Barabara ya upande huu ilielekea huku, ya upande ule ikaelekea kule, na masoko mawili yalijengwa yakipeana migongo huku watu wa katikati wakikosa hata moja. Alikuwa keshazoea kazi pale alipokaa sakafuni miezi minane kuunganisha ramani tatu kuwa moja. Mumewe alikuwa hai bado. Alikuwa akimletea chai pale pale chini na kumtania, "Mke wangu, na mimi nikatie kipande basi, maana naona nchi unaigawa wewe." Ramani ilipokamilika, viongozi wa pande tatu walikaa meza moja kwa mara ya kwanza kupanga jambo moja. Wapo wakubwa waliopigiwa ving'ora barabarani maisha yao yote ambao hawajaacha hata nusu ya kazi hiyo.

Tangu hapo ilikuwa imepita miaka kumi na tisa. Mume alikuwa kaburini, watoto wana miji yao, na Mama Bikari alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Nyumba yake ya uzeeni ilikwishaezekwa kijijini kwao, katika ua mmoja na ya mdogo wake wa kiume. Kijiji hicho kilikuwa chekundu. Ndicho kilichoshika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya kupata ghala la mazao, ghala moja tu ambalo halmashauri zote tatu zingelijenga kwa pamoja. Orodha ingepitishwa siku ya Alhamisi, na ikishapitishwa haifunguliwi tena mpaka ipite miaka mitano.

Jumatatu aliingia ofisini mwanamke mmoja, mkulima, miguu ina vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti."

"Sikai sana. Nimetumwa na wenzangu wa kule kwenye kona ya mto. Tumeandika barua tatu kuomba ghala. Zote tunajibiwa kwamba tuna kituo cha mazao karibu. Sasa nimekuja nionyeshwe hicho kituo, labda sisi ndio hatuna macho."

Mama Bikari alicheka kidogo, akamsogeza kwenye ramani kubwa ya ukutani. "Kwenu ni hapa. Kituo ni hiki, upande wa wenzenu. Kilomita nne. Ndiyo maana mko kijani."

Yule mwanamke aliweka kidole katikati ya zile alama mbili. "Na hivi vinukta?"

"Huo ni mpaka wa halmashauri."

"Mama, huo mpaka mimi nauvuka maji yakinifika kifuani, na gunia kichwani. Masika hauvukiki kabisa. Mwaka juzi ulimchukua shemeji yangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Alipoondoka, Mama Bikari alifungua kabati la chini akatoa zile ramani tatu za zamani. Kwenye kila moja mto ulikuwepo, mstari wa buluu pembeni kabisa mwa karatasi. Alipoziunganisha, mstari huo ulikuwa ndio mpaka pia, na ili ramani isichafuke alichora alama moja tu, ya mpaka. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa ameugeuza mto kuwa vinukta. Kisha akazungusha duara juu yake, kana kwamba watu wanaruka.

Kesho yake aliomba gari la ofisi. Kupitia darajani, dereva alisoma kilomita thelathini na moja kutoka kijiji kile hadi kituoni. Mama Bikari alionyeshwa vihenge ambavyo mahindi yake yalikuwa yameshageuka unga wa wadudu. Aliambiwa kuhusu wachuuzi wanaokuja na bei yao mfukoni, wanaojua fika kwamba muuzaji hana pengine pa kwenda. Huo ulikuwa wizi, na kalamu yake ndiyo iliyoufungulia mlango.

Jumatano mdogo wake alipiga simu.

"Dada, kesho ndiyo kesho. Huku watu wameshafyeka kiwanja."

"Mdogo wangu, kuna kosa kwenye orodha. Kosa langu."

Akamweleza.

"Ulikosea miaka kumi na tisa," mdogo wake akasema, "halafu unakumbuka wiki ya kupitisha? Umebakiza miezi minne. Nyamaza, dada. Atakayekuja baada yako atarekebisha."

"Baada ya miaka mitano."

"Basi baada ya miaka mitano. Wewe utaishi wapi, kule mtoni au huku kwetu?"

Akamuaga, akazifunga ramani za zamani kwa ajili ya kikao.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wajumbe tisa walikaa, watatu kutoka kila halmashauri. Mwenyekiti alipouliza kama orodha ina marekebisho, Mama Bikari alisimama, akawatandikia ramani za zamani na ile yake juu ya meza, akaeleza bila kuzunguka. Kijiji cha kona ya mto ni chekundu, kilikuwa chekundu siku zote, na kwa wingi wa mavuno yake na umbali wake, kinastahili nafasi ya kwanza. Kijiji kilichokuwa cha kwanza kinashuka.

Mjumbe mmoja wa halmashauri ya kwao aliegemea kiti. "Mama, watu hupoteza funguo. Wewe unatuambia umepoteza mto mzima?"

Ukumbi ukacheka.

"Nimeupoteza, mheshimiwa," akasema. "Wenye kuuona ni wale unaowachukua."

Kicheko kilikatika. Mjumbe yule hakukata tamaa. Alisema afisa asiyeona mto hafai kuaminiwa anaposema ameuona, akataka apewe barua ya onyo. Mwenyekiti akakubali barua iandikwe. Kisha akaita kura juu ya orodha mpya. Mikono mitano ilinyooka kuikubali. Minne ilibaki mezani, na mitatu kati ya hiyo minne ilikuwa ya wajumbe wa halmashauri ya kwao.

Hakusubiri chakula cha kikao, akapanda basi kwenda kijijini kwao. Alitaka mdogo wake aipate habari kwa mdomo wa dada yake mwenyewe, lakini habari ilikuwa imemtangulia. Alimkuta kiwanjani na wanaume wengine, wanang'oa vigingi na kukunja kamba walizopimia msingi. Wengine walijitenga, wakawaachia nafasi.

"Huyo aliyechukuliwa na maji," mdogo wake akauliza bila kuinua macho, "alikuwa na watoto?"

"Sikuuliza."

"Ungeuliza."

Aliendelea kukunja kamba kwenye kiwiko mpaka ikaisha.

"Watu hapa watakununia, dada. Mimi nitakuja kwako, sina dada mwingine. Lakini si leo."

"Sawa," Mama Bikari akasema.

Akashika njia ya kwenda kwenye nyumba yake mpya, ambayo ilipita katikati ya kijiji. Hakuchepuka kupitia mashambani. Alisalimia kila baraza alilolipita. Mawili yaliitikia.