Udongo wa Chini ya Miyombo

Kwa miaka kumi na tisa Mama Viriba alikuwa kibarua katika kitalu cha miche cha serikali, akijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki, mpaka jina alilopewa na baba yake likasahaulika. Alitaka kitu kimoja tu: ajira ya kudumu. Sifa alikuwa nazo tele, na sifa hazipikwi.

Na alistahili, nani asiyejua? Miyombo ni miti yenye nongwa. Mbegu zake huota vizuri, miche ikatoa majani machanga mekundu ya kupendeza, halafu ikanyauka bila hata kuaga. Kwake yeye tu ndiko ilikoishi. Kila msimu wa mbegu alipanda mlimani na kikapu, akachota udongo wenye utando mweupe wa kuvu, ule unaolisha mizizi, chini ya miyombo mizee, akauchanganya na ule wa kitalu. Wakubwa hawakumuuliza kitu. Walisema tu kwamba mama huyu ana mkono wa baraka.

Ilipotangazwa nafasi ya fundi wa kitalu, alivaa gauni lake la kwendea harusini, akaingia kwenye usaili.

"Cheti kiko wapi, mama?" meneja akamuuliza.

"Si kile pale nje? Miche elfu nne."

Meneja na wenzake wakacheka. Nafasi akapewa mpwa wa meneja, mwenye cheti na viatu visivyojua tope.

"Mama, wewe kazi yako ni kumwagilia," fundi mpya alimwambia siku ya kwanza. "Udongo niachie mimi."

"Haya, baba."

Fundi akajaza viriba udongo wa bustani na mbolea ya dukani. Miezi miwili baadaye miche ikaanza kupauka. Mama Viriba aliona, roho ikamuuma, maana miche haikumkosea lolote. Mara mbili alishika kikapu, mara mbili akakiweka chini. Hasira ilikuwa imemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Meneja akaja mwenyewe. "Mama, hebu tusaidie. Miche imepatwa na nini?"

"Nitajuaje mimi, bwana? Mimi ni wa kumwagilia."

Akamwagilia asubuhi na jioni, hakukosa hata siku moja, mpaka mche wa mwisho ukalala. Fundi akahamishiwa ofisini, maana mwenye cheti hakosi meza. Mama Viriba akaitwa, akaambiwa kwa upole sana asije tena kesho, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kumwagilia.