Fisi Aliyeiba Ngozi ya Mama Nilikuwa Mimi

Nimekosa, ndugu zangu, na kosa langu lilianza kwa uvumi huu: eti zile raba zinazoning'inia nyuma ya magurudumu ya malori yaendayo Geita ni mitego ya dhahabu! Abiria mmoja aliniapia kwamba tope la barabara ile limejaa dhahabu. Gurudumu linalirusha, raba inalidaka, tajiri mwenye lori anaiosha kwake na kupata kikombe kizima.

Niliamini yote! Mimi, mhitimu wa shule ya jioni, niliyesoma mpaka moshi wa kandili ukanigeuza pua kuwa bomba la jiko!

Nilikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa pamba, nalo lilikuwa likilala nyumbani kwetu, karibu na Mhunze. Raba sikuwa nayo. Nikawaza: ngozi ya ng'ombe yenye manyoya itadaka dhahabu mara elfu kuliko raba!

Ngozi kwetu ilikuwa moja tu, ile aliyolalia mama, yenye baka jeupe umbo la kibuyu. Marehemu baba aliichuna na kuiwamba kwa mikono yake mwenyewe.

Mama alipokwenda kupalilia, niliitoa. Nikaikata vipande viwili kwa panga, nikatoboa matundu kwa msumari wa moto, nikavifunga kwa waya nyuma ya magurudumu, manyoya yakiangalia tairi. Niliporudi safari jioni, vilikuwa vimejaa tope hata yule ng'ombe mwenyewe asingejitambua.

"Ngozi yangu iko wapi?" mama akauliza.

"Fisi, mayu, mama yangu! Nimemwona. Mkubwa kama fahali!"

"Fisi mchana?"

"Wa siku hizi hawana adabu kabisa!"

Masikini, akaamini. Akawa anaingiza ndama ndani kwa kuogopa fisi wangu, naye analala juu ya majani, sakafu ikiwa na unyevu wa mvua. Wiki haikuisha, akaanza kukohoa. Nilimsikia. Nikanyamaza! Nilijiambia, dhahabu ikipatikana nitamnunulia kitanda cha chuma.

Baada ya safari ya tatu ya Geita nilivifungua, nikaviosha uani kwenye karai. Tope. Nikabadilisha maji. Tope tena, na mbegu moja ya pamba! Dhahabu ya kuziba jicho la sisimizi haikuwemo.

Nikasikia kikohozi nyuma yangu. Maji yalikuwa yamefichua lile baka jeupe la kibuyu. Mama aliinama, akaligusa, kisha akautazama waya.

"Fisi huyu," akasema polepole, "anajua kufunga."

Nilipiga magoti kwenye tope langu, nikamwambia yote. Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

Nilimtafutia ngozi nyingine, lakini baba hakuiwamba hiyo. Na kifua cha mama hakijarudi sawa. Mvua zikianza tu, kikohozi kinaamka, nami nakosa pa kuuweka uso.

Madereva wenzangu, na nyinyi mnaokimbilia utajiri wa maneno, nawasihi: msimvue mzazi malazi yake kwa ahadi ya kitanda ambacho hamjakiona!

Siku ile, nikiwa bado nimepiga magoti, nilimwuliza, "Sasa mayu, vitu hivi ni vya kazi gani?"

Akacheka mpaka akakohoa.

"Tangu uvifunge, lori lako likinipita njiani halinichafui. Ni vya kuzuia tope, mwanangu. Basi."