Siku Nilipomteremsha Bingwa Daraja

Siku ya kwanza kazini niliripoti kwenye chama cha mbio za magari, Jinja, nikiwa na cheti cha masomo ya jioni na tai ndefu kuliko Mto Nile. Mwenyekiti wa Kamati ya Madaraja, iliyopanga madereva kwa ubora, akaniuliza, "Wewe unajua gari?"

"Nalijua, bwana. Nimelisukuma mara nyingi."

Alicheka, akanipa kazi.

Vijana mnadhani dereva bora ni anayefika kwanza tu. Sisi tulipima mawili: pointi, yaani matokeo ya miaka iliyopita, na ufundi. Pointi ulijumlisha mezani. Ufundi uliupima ukikaa kando ya dereva, moyo mdomoni. "Barabara ni kazi yake," Mwenyekiti alinifundisha. "Wewe tazama miguu." Siku ya mbio, dereva wa daraja la kwanza alitangulia kwenye barabara safi, wengine walifuata mmoja mmoja, wakila vumbi lake.

Kisha vita vikaja. Askari walichukua magari, na kupata petroli ikawa kama kumkamua kuku. Bingwa wetu, Bwana Gurdev, fundi Kalasinga wa Jinja, alificha gari lake chini ya magunia ya pamba.

Amani iliporudi nilihamishiwa Mbale kuandaa mbio za kwanza baada ya vita. Kwa pointi, Gurdev alikuwa bado juu, maana hakuna aliyeshindana tangu vita. "Mpe tu nafasi yake," Katibu wa tawi alisema. "Ni heshima ya mzee." Nikaomba nimpime kwanza kwenye barabara ya mlima Wanale, ile inayojikunja kama utumbo wa mbuzi.

Gari liliunguruma hadi nyani wakakimbilia Kenya. Nikatazama miguu. Kabla ya kila kona, mguu wake uliruka kwenye breki, tukakaribia kusimama. Nikaingiwa na baridi: akitangulia huyu, kijana anayemfuata ndani ya vumbi atamgonga konani, tutazika wawili.

Kileleni alizima injini.

"Mzee, unakanyaga breki mapema."

"Kila kona naona kizuizi cha askari. Najua hakipo. Mguu haujui."

"Basi nakuteremsha daraja. Utaondoka mwisho, bila mtu nyuma yako."

Nilingoja kofi. Yeye akashusha pumzi hadi kioo kikafanya ukungu.

"Mungu akubariki! Mke wangu analia kila siku. Lakini bingwa aseme anaogopa? Sasa nitasema ni wewe umenionea."

"Sema, mzee. Nitukane kabisa."

"Nitakutukana vizuri, usijali."

Alinitukana Jinja nzima, mpaka mbwa wa mtaa wa Kimaka walijua jina langu. Siku ya mbio alifika Mbale wa mwisho, ndevu nyekundu kwa vumbi, anacheka. Mkewe alimshika uso kwa mikono miwili mbele ya umati wote, nami nikaenda nyuma ya gari kupenga kamasi.

Sasa nimestaafu. Nimewapandisha daraja madereva wa kujaza uwanja, na wengine walipata vikombe vikubwa kama mapipa. Hakuna aliyeniletea hata andazi. Sambusa za mke wa Gurdev zinafika hapa kwangu kila sikukuu, bado za moto.